UZI: "School" si shule kila mara. Tulichambue neno hili tangu lilikotoka

Mfasiri_Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kufasiri na kuhakiki maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, huu ni mwaka wa kumi na nne. Neno hili nalileta hapa kwa sababu ya jambo lililonikuta wiki mbili zilizopita kwenye mwalo mmoja upande wa Bagamoyo.

Nilipewa kijitabu cha wavuvi nikihakiki kabla hakijachapwa, nikaomba nikasome kwanza mbele ya wavuvi wenyewe. Ukurasa wa sita uliandikwa: "Epukeni kuzingira shule za samaki wachanga." Mzee mmoja nahodha, msuli umemlowa mpaka magotini, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Hizo shule mtazijenga upande gani? Maana mwaka juzi walikuja wengine wakapima pale kwenye mikoko, hawakurudi." Watu kama kumi na watano wakaacha kushona nyavu wakanitazama mimi. Hakuna aliyecheka. Walitaka jibu, kwa sababu kwao shule ya mambo ya samaki ni kitu walichokiomba muda mrefu.

Aliyefasiri hakuwa mzembe. Alikutana na neno "school", akaandika shule, kama ambavyo wengi wetu tungeandika. Sasa naomba tulichambue neno hili hadi mwisho, kwa sababu ni miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mtoto wa Kiswahili hujifunza mapema kabisa, na kwa hiyo hakuna anayerudi kuliangalia tena.

Nianze na lilikotoka. Wagiriki wa kale walikuwa na neno *skhole*. Maana yake ya kwanza haikuwa jengo wala masomo. Ilikuwa wasaa: muda ambao mtu hana kazi inayomkaba, ameshika pumzi, amesimama. Mzizi wake ni kitenzi cha kushika au kuzuia, yaani kujizuia na shughuli. Kwa Kigiriki, shughuli zenyewe ziliitwa *askholia*, maana yake kukosa wasaa. Fikirini hapo: kazi ndiyo iliyopewa jina la kukanusha. Sisi tunasema "sina nafasi" tukimaanisha tuna kazi, nao walilifanya hilo kuwa jina la kazi. Aristotle aliandika kwamba tunahangaika na shughuli ili hatimaye tupate wasaa, na kwake wasaa huo ulikuwa wa kufikiri na kujadiliana.

Kutoka "wasaa" neno likahamia kwenye kile kinachofanywa wakati wa wasaa, yaani mazungumzo na mihadhara. Kutoka hapo likahamia kwa watu wanaokusanyika kumsikiliza mwalimu fulani, kisha mahali wanapokusanyikia. Warumi wakalichukua kama *schola*. Wao wenyewe walikuwa na neno lao la shule ya watoto, *ludus*, ambalo pia lina maana ya mchezo. Kwa hiyo lugha mbili kubwa za kale za Ulaya, moja iliiita shule wasaa, nyingine ikaiita mchezo.

Waingereza walilipokea kutoka Kilatini zamani sana, katika Kiingereza cha Kale, likiandikwa *scol*. Ile herufi h mnayoiona leo haikuwapo. Waandishi waliirudisha baadaye ili neno lifanane na Kilatini, ndiyo maana haitamkwi.

Sasa sikilizeni sehemu inayonigusa zaidi. Katika Kiingereza cha Kale, sauti ya "sk" ilikuwa inageuka kuwa "sh" karibu kila mahali. *Scip* likawa "ship", *fisc* likawa "fish". Lakini *scol* likabaki na "sk" yake, kwa kuwa lilikuwa neno la wasomi na la kanisani, na Kilatini kiliendelea kulishikilia. Wajerumani hawakuliacha. Kwao "sk" ziligeuka zote, na la Kilatini nalo likaingia humo, likawa *Schule*.

Mmeona tunakoelekea? Bara tunasema shule, Unguja na Pemba wanasema skuli. Ni neno lilelile. Limepita njia mbili, likafika kwetu kwa vyombo viwili tofauti.

Nitaendelea na maana zake. Karibuni, na mwenye la kusahihisha asahihishe.

Binti_wa_Vikokotoni

Asante kaka kwa kututaja. Mie nimekulia Unguja na kila nikivuka kwenda Dar naambiwa "skuli" ni Kiswahili cha kuigiza Kiingereza. Kumbe shule nayo imetoka kwa Wajerumani! Naomba ulieleze hilo vizuri, watu walione.

Mfasiri_Kihonda

Dada, haki yako kabisa. Mkataba wa mwaka 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani uliiacha Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza, na Tanganyika ikabaki kwa Wajerumani mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na humo walifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa walihitaji makarani, walimu na maakida wa kuendesha nchi. Watoto wa Tanga wakalisikia neno la Kijerumani, wakalipa silabi zake mbili za Kiswahili, likakaa. Irabu ya mwisho ilikuwapo tayari, kwa hiyo halikuhitaji kurekebishwa. Skuli ilibidi ipewe "i" mwishoni.

Maneno ya Kijerumani yaliyobaki katika Kiswahili cha kila siku ni machache mno. Shule ni moja. Jingine ni hela, kutoka sarafu ya heller iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Basi mzazi anayesema "sina hela ya shule" ametamka Kijerumani mara mbili katika maneno manne.

Kwa hiyo hakuna mwenye Kiswahili safi zaidi ya mwenzake hapa. Wote wawili tumeazima kwa mwenyeji mmoja.

Rugamba_K

Niongeze kidogo kutoka Kigali. Sisi tunasema *ishuri*, na ndugu zetu wa Burundi wanasema *ishure*. Nchi hizi zilikuwa chini ya Wajerumani mpaka 1916. Wabelgiji walikaa baada ya hapo miaka mingi kuliko Wajerumani, na Kifaransa chao kina *école*, lakini neno la Kijerumani halikung'oka.

Mama_Nansubuga

Waganda hatukuazima hilo. Shule ni *essomero*, mahali pa kusomea, kutoka *okusoma*. Na zamani za wamisionari, *abasomi*, wasomaji, ndilo jina waliloitwa waliojiunga na dini hiyo, kwa sababu kuingia dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja.

Kijana_Lushi

Bakubwa, salamu toka Lubumbashi. Huku kwetu tunasema *masomo*. Mutoto iko ku masomo, njo kusema iko ku shule. Nikiandika Kiswahili cha kitabu naandika shule, lakini nikizungumuza na mama nikisema shule atajua niko nasoma habari ya redio.

Mfasiri_Kihonda

Hii ndiyo raha ya kuuliza watu wengi. Luganda na Kiswahili cha Lubumbashi vimeita kwa kitendo, sisi tumeita kwa neno la mgeni. Lakini tusisahau kwamba hata sisi tulikuwa na letu. Neno *chuo* katika Kiswahili cha zamani lilimaanisha kitabu. Kamusi za wamisionari za karne ya 19 zinaonyesha hivyo: chuo ni kitabu, na chuoni ni mahali watoto wanaposomea Kurani. Ndiyo maana msomi wa dini anaitwa mwanachuoni. Na yule mwanazuoni tunayemsifu magazetini ametoka humohumo: kaskazini, upande wa Lamu, vyuo husemwa zuo. Mwanazuoni ni mtoto wa vitabu.

Kwa hiyo Mswahili aliipa shule jina la kitabu, Mgiriki akaipa jina la wasaa, Mwarabu akaiita madrasa, mahali pa kudurusu, mzizi uleule wa darasa. Baadaye chuo kikapandishwa cheo, sasa ni mahali pa kwenda baada ya sekondari, na maana ya kitabu imebaki kwenye tenzi.

Mwl_Itigi

Mkuu, shikamoo kwa ulio mkubwa, na wengine salamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Hilo la wasaa limenigonga. Nina mtoto wa darasa la sita, msichana, anafika saa mbili na nusu wakati wenzake wako kwenye kipindi cha pili. Ukisimama karibu yake unasikia harufu ya moshi kwenye sare, na viganja vina alama ya kamba ya ndoo. Kabla hajafika kwangu ameshakwenda kisimani mara tatu. Anakaa, anafungua daftari, na kabla hajamaliza kuandika tarehe macho yamefunga. Kwa maana ya Kigiriki uliyoieleza, mtoto huyu ameandikishwa shule lakini shule yenyewe hajaipata.

Mfasiri_Kihonda

Mwalimu, umesema jambo zito, na historia inakuunga mkono kwa namna ya kusikitisha. Wale Wagiriki waliokuwa na *skhole* walikuwa wanaume huru wa mjini. Maji yao yalichotwa na wengine: watumwa, na wanawake waliofungiwa majumbani. Wasaa wa mmoja ulilipiwa na mgongo wa mwingine. Sikuliweka kwenye maelezo ya kwanza na nilipaswa kuliweka.

Kamau_wa_Thika

Hapo sawa. Sasa mimi niko na swali la sarufi, maanake linawasumbua wanafunzi wangu kila mwaka. Kwa nini Kiingereza kinasema "go to school" bila "the", halafu mahali pengine "go to the school"? Watoto wanapigwa alama nyekundu na hakuna anayewaeleza sababu.

Mfasiri_Kihonda

Kamau, bila "the" unazungumzia shughuli. "She goes to school" ni kwamba yeye ni mwanafunzi, anasoma. Ukiweka "the" umeonyesha jengo au mahali fulani: mzazi anayeitwa na mwalimu mkuu anakwenda "to the school", fundi bomba vilevile. Kiingereza kinafanya hivyo kwa majina machache ya mahali penye shughuli inayojulikana: kanisa, gereza, kitanda, na kwa Waingereza, hospitali.

Sasa sikiliza Kiswahili chako mwenyewe. Je, husemi "mtoto anakwenda shule" na "nimeitwa shuleni"? Sisemi hiyo ni kanuni, watu wengi huchanganya, lakini sikio langu linasikia tofauti hiyohiyo. "Amekwenda shule" hata inaweza kumaanisha ni mtu aliyesoma: "yule amekwenda shule bwana." Ukisema "amekwenda shuleni" umemaanisha yuko huko sasa hivi. Wape wanafunzi mfano huo, nadhani watashika haraka kuliko kanuni.

Na kuna tofauti ya nchi. Mwingereza akisema "at school" anamaanisha kabla ya chuo kikuu. Mmarekani huingiza na chuo kikuu humo.

Dada_Minnesota

Hili la mwisho lilinipata. Nilipofika huku, kwenye usaili wa kazi niliulizwa "Where did you go to school?" Nikataja shule yangu ya sekondari Moshi, nikaeleza na mabweni yake. Yule mama akaendelea kusubiri. Alitaka jina la chuo kikuu, nami digrii yangu nilikuwa nayo kwenye bahasha mkononi. Nilitoka bila kuitaja.

Mfasiri_Kihonda

Pole sana dada. Na hapo ndipo nilipotaka kufika, kwenye mitego. Nitaitaja ile inayonisumbua zaidi kazini.

Wa kwanza ni "public school". Ukifasiri wasifu wa mwanasiasa wa Uingereza, ukaandika "alisoma shule ya umma", msomaji wa Kiswahili ataona mtoto wa mtu wa kawaida aliyesoma shule ya serikali. Kumbe ni kinyume chake. England, "public school" ni shule ya kulipia, tena ghali, nyingi za bweni. Eton ilianzishwa na mfalme Henry VI mwaka 1440 kwa ajili ya wavulana 70 wasio na uwezo, kisha wenye pesa wakaijaza. Ziliitwa za umma kwa kuwa mtoto wa mahali popote aliweza kupokelewa mradi alipiwe, tofauti na kufundishwa nyumbani na mwalimu wa binafsi. Sheria ya Bunge ya mwaka 1868 iliyoitwa Public Schools Act ilihusu shule saba tu, Eton, Harrow, Rugby na nyingine nne. Marekani "public school" ni ya serikali kweli. Kwa hiyo kabla ya kufasiri, uliza kwanza mwandishi ni wa wapi. Ya Uingereza mimi naandika "shule ya kulipia ya watu wa tabaka la juu". Ni ndefu, lakini ni kweli.

Wa pili ni "school" ya fikra. Kiingereza kinaita hivyo kundi la wasomi wanaofuata njia moja ya kufikiri. Maana hii si mpya, imo tangu kwa Wagiriki, ni wale wafuasi wa mwalimu mmoja. Watu wanasema Frankfurt School kwa wanafalsafa waliotokana na taasisi iliyoanzishwa Frankfurt mwaka 1923, na Chicago School kwa wachumi wa chuo kikuu cha huko. Na tunayo ya kwetu: wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa miaka ya 1960, akina Terence Ranger na Isaria Kimambo, waliosisitiza kwamba historia ya Afrika iandikwe kwa kuangalia Waafrika walifanya nini wao wenyewe. Duniani wanajulikana kama Dar es Salaam School. Nimeona mahali imeandikwa "Shule ya Dar es Salaam", na msomaji anaweza kudhani ni shule iliyoko Upanga. Hapo mkondo wa fikra unatosha, au wanahistoria wa mkondo wa Dar es Salaam.

Ustadh_Mwinyi

Assalaam alaykum. Umenikumbusha jambo. Kuna kitabu cha dini kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ndani yake mna "shule ya Shafi" na "shule ya Hanafi". Kiswahili kina neno lake karne na karne: madhehebu. Waswahili wengi wa pwani hii ni madhehebu ya Shafi, na watawala wa Zanzibar waliotoka Oman walikuwa Ibadhi. Kiingereza ndicho kilichokosa neno kikachukua "school". Sasa sisi tunalirudisha kutoka kwao likiwa limepungua, na la kwetu tunaliacha. Inaniuma.

Mfasiri_Kihonda

Wa alaykum salaam ustadh. Inaniuma nami. Mfasiri aliyekulia hapa anajua madhehebu tangu utotoni, lakini akikaa mbele ya karatasi ya Kiingereza analisahau.

Vyuo vikuu navyo vina lao. "School" ndani ya chuo kikuu ni kitengo kikubwa chenye idara zake. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaandika Shule Kuu, kwa mfano Shule Kuu ya Sheria. Kwangu hilo ni neno zuri, maana "kuu" inamzuia msomaji asifikirie watoto wenye kaptula. Lakini Law School of Tanzania, ambako wahitimu wa sheria hupitia kabla ya uwakili, kwa Kiswahili ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. "School" ileile, na jina limeeleza kazi inayofanyika humo.

Kuna na mtego wa Venice, mji wa Italia, ambao wasomaji wengi hawataukuta, lakini siwezi kuuacha. Kuna jumba linaitwa Scuola Grande di San Rocco, kuta na dari zimejaa michoro ya msanii Tintoretto. Halikuwa shule. Lilikuwa jumba la chama cha waumini waliosaidiana na kusaidia maskini, kama ambavyo sisi tungesema jumuiya. Maana ile ya Kilatini ya "watu waliokusanyika" iliendelea kuishi humo. Na Wayahudi wa Ulaya wanaozungumza Kiyidishi huliita sinagogi *shul*, kutoka Kijerumani kilekile kilichotupa shule. Babu wa Tanga na babu wa Warsaw wametamka karibu sauti moja, mmoja akienda kujifunza hesabu, mwingine akienda kusali.

Nyuki_wa_Tabora

Shule hii ni ya kiwango, mkuu. Nimechukua daftari.

Mfasiri_Kihonda

Nyuki, umetumia maana ambayo kamusi nyingi hazijaiweka sawasawa! "Nipe shule", "asante kwa shule", "ana shule ya kutosha", "hana shule". Hapa shule imeacha jengo, imekuwa maarifa yenyewe, kitu cha kupewa na cha kuwa nacho. Kiingereza nacho kimefika karibu na hapo kwa njia yake: "school" hutumika kama kitenzi, kumfunza mtu. Sisi hatukuiga, tumefika wenyewe. Neno lililoanza kama wasaa wa kujadiliana, leo watu wanaojadiliana usiku baada ya kazi wanaliita hivyohivyo.

Kamau_wa_Thika

Na "old school"?

Mfasiri_Kihonda

Inategemea. Ya muziki, zilipendwa. Ya mtu, "wa kizamani" ikiwa unamsema, "mtu wa enzi zile" ikiwa unamsifu. Ukisoma "school of hard knocks", Mswahili ameshalimaliza kwa asiyefunzwa na mamaye.

Mvuvi_Kunduchi

Mkuu nimesoma uzi wote kuanzia juu nikisubiri samaki, hujawafikia. Wanahusianaje na shule?

Mfasiri_Kihonda

Samahani ndugu yangu, ndio walionileta hapa. Jibu ni kwamba hawahusiani kabisa. "School" ya samaki ni neno jingine, limefanana tu sura. Lilitoka Uholanzi, *schole*, maana yake kundi, na liliingia Kiingereza katika Enzi za Kati. Kiingereza cha Kale chenyewe kilikuwa na *scolu*, kundi la watu, na kuna "shoal" ambalo ni ndugu wa karibu, nalo ni kundi la samaki. Angalia tena zile sauti: "sk" na "sh", ndugu wawili wamegawana kama skuli na shule.

Wataalamu wa bahari leo wanayatenganisha. "Shoal" ni samaki waliokaa pamoja tu, hata kama kila mmoja anatazama kwake. "School" ni pale wanapokwenda upande mmoja, kwa mwendo mmoja, wakigeuka wote kwa pamoja. Wanaongozwa na macho na ule mstari wa ubavuni unaohisi maji yanavyosukumwa na mwenzake. Kwa hiyo anayedhani wameitwa hivyo kwa sababu samaki wadogo wanafunzwa na wakubwa, hapana. Ni bahati ya herufi.

Nami nina swali kwako, maana wewe unawaona. Ile tofauti nyinyi mnaisemaje?

Mvuvi_Kunduchi

Sisi tunasema kundi, na tunataja samaki mwenyewe. Vibua wakiwa wametulia usiku chini ya karabai unasema vibua wamekaa, au wamejaa. Wakianza kutembea unasema kundi linatembea. Unaliona juu ya maji, panakuwa peusi halafu panachemka kama mvua imenyesha mahali pamoja tu, na ndege wako juu. Hapo nahodha anasema kundi linakwenda kusini, tuwakate mbele. Hatuna neno moja la kuwekea yote. Anayejua anakuelewa kwa kitenzi.

Binti_wa_Vikokotoni

"Wamekaa" na "wanatembea". Hivo hivo babangu alikuwa akisema.

Mfasiri_Kihonda

Ndugu, umenipa nilichokuwa nakitafuta tangu siku ile mwaloni. Nilikuwa nahangaika na jina, nikazunguka na "wingi wa samaki", "msafara wa samaki", na kila moja lilinukia karatasi. Tofauti iko kwenye kitenzi.

Ukurasa wa sita sasa nauandika hivi: "Ukiona kundi la samaki wachanga, wawe wamekaa au wanatembea, usiwazungushie wavu." Jumamosi narudi kwa yule mzee nimsomee. Na swali lake la kwamba shule itajengwa upande gani nimeliandika kama alivyolisema, nitalikabidhi pamoja na kijitabu kwa walionituma.

Mvuvi_Kunduchi

Mzee akikubali andika hapa tujue. Na badala ya "samaki wachanga" mwambie "samaki wadogo ambao hawajazaa". Mchanga kwetu anaweza akawa yule aliyevuliwa leo asubuhi.

Mfasiri_Kihonda

Nimebadilisha.